Ufa wa Ubavu wa Saba

Haya nimeambiwa na jirani yangu, mama wa kijana mwenyewe, Jumatatu iliyopita tukikunja nguo kabla mvua haijarudi. Yeye alikuwa anacheka mpaka anakaa chini, lakini siku yalipotokea hakucheka.

Mwanawe ni mtaalamu wa kusoma picha za eksirei hospitali kubwa. Mfupa wenye kasoro haumpiti. Siku moja yuko kwenye foleni ya benki, mbele yake kasimama dada wa gauni la njano, nywele kazisuka zimepanda juu kama taji. Mwingine angesalimia. Yeye akasema:

“Dada, bega lako la kushoto liko chini kuliko la kulia.”

Yule dada akageuka taratibu. “Kaka, kwenu ndiyo salamu hiyo?”

“Samahani, ni kazi yangu. Unasimama sana?”

“Mimi msusi, nasimama kutwa. Na wewe unauza mabega?”

Foleni nzima ikacheka. Kufika dirishani, namba za simu zilishabadilishwa, na msusi kashampa jina: Bwana Mifupa.

Mapenzi yakakolea. Mwezi wa nane, kijana akaenda na pete ya mama yake, ya fedha, yenye kidonda ubavuni ilipobanwa na mlango zamani.

“Usinijibu leo, kipenzi,” akamwambia. “Siku ukikubali, ivae tu. Macho haya yataiona, sihitaji kuambiwa.”

Msusi aliivaa kesho yake asubuhi. Lakini mwenye kusuka hawezi kazi na pete kidoleni: inashika nywele, mteja anapiga kelele kama kachomwa. Basi akaitia kwenye mkufu, akaivaa shingoni. Jioni akivua aproni, pete inaning'inia wazi juu ya gauni, mtoto wa chekechea angeiona.

Bwana Mifupa kila jioni alitazama vidole. Havina kitu. Akanywea, akanyamaza. Msusi naye akajisemea: alisema ataiona mwenyewe, haya, aione. Wiki ya kwanza ikapita, ya tano ikapita. Kila mmoja anamngoja mwenzake, kila mmoja kinyongo kinampanda.

Dada mkubwa wa msusi akapiga simu kutoka mji mwingine. “Mdogo wangu, nimefungua saluni, kiti chako kipo. Huko unangoja nini? Jumapili kuna basi la saa tano asubuhi.”

“Nitakuja, dada,” akajibu, kwa sauti ya mtu anayetaka kukatazwa.

Alhamisi akateleza kwenye maji ya kuoshea nywele, ubavu ukagonga beseni. Akapelekwa hospitali ileile. Mama wa makamo anayepiga picha akamwambia avue mkufu.

“Niachie, mama. Atakayeisoma ni yule wangu. Nataka aione.”

Yule mama akaishika pete, akaelewa, akacheka. “Maumivu yako chini, mkufu uko juu, hauzibi kitu. Simama wima.”

Picha ikatoka. Pete imekaa katikati ya kifua, nyeupe pepe, duara kama mwezi.

Mtaalamu akaibandika kwenye taa, akaisogelea mpaka pua ikagusa. Akarudi nyuma, akaisogelea tena. Kisha akaita kwa furaha:

“Njoo uone! Ubavu wa saba, ufa mwembamba kama unywele. Wengine wasingeuona!”

Msusi akajikokota mpaka kwenye taa. “Ehe. Na kingine?”

“Kingine hakuna. Kifua safi.”

“Tazama vizuri.”

“Mpenzi, kazi hii nina miaka kumi na miwili.”

“Hakuna kingine kabisa?”

“Hakuna.”

Msusi akatoka, hata picha hakuichukua. Moyoni akasema: ameiona, ila hanitaki tena.

Kesho yake akampigia, akameza kiburi. “Ile picha uliitazama?”

“Mara tatu. Usibebe vitu vizito.”

“Na huna la kuniambia?”

“Mimi?” Kijana akaja juu. “Mwenye la kusema ni wewe! Nimengoja mpaka nimechoka!”

“Basi usingoje. Jumapili nasafiri.”

Simu ikakatwa. Kijana akapiga mara sita, haikupokelewa.

Jumapili saa moja na nusu asubuhi, mama mtu, huyu jirani yangu, anafagia chumba cha mwanawe. Kijana kalala kifudifudi. Mama akaiona picha mezani, akaiinua dirishani.

“Nani huyu?”

“Ndiye. Tazama ubavu wa saba, mama, kuna ufa pale.”

“Ufa siuoni. Pete yangu imefikaje humu?”

“Pete gani?”

“Hii hapa! Na kidonda chake cha mlango! Kijana, we kipofu?”

Akaruka. Akatazama. Akaketi chini sakafuni.

“Mama, nilikuwa natazama mbavu.”

“Mbavu kila mtu anazo, mwanangu. Vaa viatu!”

Alimkuta msusi mlangoni kwake, begi limefungwa, gauni la zambarau, mkufu shingoni. Akainua picha kwa mikono miwili.

“Nimeiona.”

“Leo?”

“Leo. Aliyeiona ni mama.”

Msusi akamnyooshea kidole ukutani. “Geuka, uangalie ukuta. Nimevaa gauni la rangi gani?”

Bwana Mifupa akageuka. “...Bluu?”

“Mungu wangu!” Akaanza kucheka, ubavu ukamchoma, akalia, akacheka tena. “Usinichekeshe, utanimaliza! Wiki tano, Bwana Mifupa! Wiki tano imening'inia mbele ya pua yako!”

“Nifundishe kutazama. Nioe nikuoe, sijui nisemeje. Usiende.”

“Nina hasira.”

“Kaa nayo hapa. Nitakuwepo.”

Msusi akampigia dada yake, akamwambia kiti apewe mwingine. Akameza vidonge vya maumivu, na kwa kuwa usiku wa kuamkia siku hiyo hakupata lepe, usingizi ukamchukua kwenye kochi, pete kaifumbata kiganjani. Kijana akakaa chini, mgongo kauegemeza kwenye begi lisije likaondoka, naye akasinzia.

Saa sita mchana mama akapiga simu. Ikaita, ikaita. Akapiga ya msusi, nayo ikaita.

“Wangekuwa wanagombana, mmoja angepokea,” aliniambia. Basi akaweka simu chini ya mto, akavuta shuka, akalala.