Marahaba Haina Wingi

Mwalimu Pelagia alipostaafu hakununua bodaboda wala kufuga kuku wa kisasa, kama walivyomshauri wajuaji wa mtaa wa Ng'ambo. Alipanda maua, na yote meupe. Mtoto wa jicho alikuwa ameshamwibia rangi nyingine, akasema hana sababu ya kuhangaika na nyekundu asiyoiona. Asumini alipewa na jirani yake Nisha, mwenye duka la vitenge. Mawaridi yalitoka kwa masista. Mche wa tatu aliletewa na mdogo wake Recheli, aliyesoma chuo kikuu akaishia kumtunza dada.

Huo Recheli aliukata mwenyewe kando ya njia ya zamani ya misafara ya pembe na watumwa, upande wa Kwihara: tawi la ule mti wa makaburini, wenye ua jeupe na moyo wa njano. Lilitoa maziwa mengi kupita kiasi. Mama mmoja aliyekuwa akipalilia karibu alimuuliza kama amepiga hodi. Recheli akatabasamu kwa adabu. Chuoni hawakumfundisha kuupigia mti hodi.

Tawi lilishika upesi. Siku ya tisa likatoa ua moja, bila jani hata moja.

Asubuhi hiyo Recheli alikuwa jikoni anachuja chai akamsikia dada yake bustanini: "Marahaba." Polepole, kama anayemjibu mtoto aliyelelewa vizuri. Alipomuuliza, Pelagia alieleza kwamba kuna mtoto hupita nyuma ya ule mti mpya, sauti ndogo, salamu safi. Recheli hakujali. Mtu aliyefundisha miaka thelathini na nane hakosi watoto wa kumwamkia.

Aliyeharibu mambo ni Nisha, alipokuja kuchuma asumini zake za kuabudia.

"Nyuma pale? Pale ni ukuta wangu, Mwalimu. Hata paka hapati pa kupita."

Wakacheka wote watatu. Jioni Pelagia akaomba soksi. Tabora, mwezi wa kumi, mbwa wamelala kwenye tope la bombani, na yeye miguu inamzizima. Recheli alimvisha, na kama kawaida yake akapitisha kidole kwenye kovu la jembe juu ya mguu wa kushoto. Recheli ndiye aliyemtia, alipokuwa na miaka saba. Hakuwahi kuomba radhi kwa maneno.

Ua la pili lilipofunguka, Pelagia aliitikia mara mbili. La tatu, mara tatu. Hospitali wakapima sukari, wakapiga picha, wakatoa vidonge vya mishipa. Nyayo zikafa ganzi, kisha vifundo. Akawa anatembea kwa kushika ukuta, halafu Recheli akawa ndiye ukuta. Halafu akakaa.

Siku mti ulipojaa maua, Recheli alikuwa anamwagilia mawaridi. Nyuma yake, kwenye kiti, dada yake akasema:

"Marahabani."

Neno hilo Pelagia alikuwa akilipigia mstari mwekundu. Marahaba haina wingi, alikuwa akisema, hata wakuamkie mia.

Recheli akaweka ndoo chini. Alimkumbuka dada huyuhuyu, chaki mkononi, akiwaeleza darasa la sita shikamoo ilikotoka.

"Dada," alinong'ona, "shikamoo maana yake nini?"

"Nashika miguu yako."

"Na wewe unawaruhusu."

"Sasa mtoto wa watu akuamkie, umnunie? Hawana ubaya, Reche. Wamechoka tu. Wanasema walitembea mpaka miguu ikaisha. Wanaazima."

Recheli alimwita Gerson, fundi wa bustani, auchimbue ule mti. Haukuhitaji jembe. Shina lilichomoka kama kijiko kwenye uji, halina mzizi hata mmoja. Gerson alilitupa juu ya ukuta, akanawa mikono, akaondoka bila kuaga. Kule juu, juani, bila udongo, likaendelea kuchanua.

Recheli alimpeleka dada yake Igunga kwa kaka yao. Uani kwa kaka hapakuwa na ua hata la boga. Pelagia aliitikia. Wakarudi. Asubuhi moja Recheli alimziba mdomo kwa kiganja, akamshikilia hivyo huku analia. Chini ya kiganja midomo ilisogea. Silabi nne. Tena. Tena.

Mwezi wa kumi na mbili alimwosha miguu kwenye beseni. Wiki ya tano sasa Pelagia hajakanyaga ardhi.

Nyayo zilikuwa ngumu. Zimepasuka. Miiba miwili ilikuwa imevunjikia ndani, mmoja wa zamani, ngozi imeshaufunika.

Maji yalipotulia, chini ya beseni palikuwa na mchanga. Mweupe, laini, na ndani yake kipande cha kombe la pwani. Kutoka Tabora mpaka baharini misafara ilikuwa ikitembea miezi.

Recheli akapitisha kidole kwenye kovu la jembe.

Kidole kikapita. Akarudia. Hakikukuta kitu.

Kilikuta kitu juu zaidi, kwenye kifundo. Ngozi laini, inayong'aa, imezunguka mguu mzima kama pete. Akaugusa na ule wa pili. Nao ulikuwa nayo.

"Wamerudisha?" Pelagia aliuliza. Macho yake yalikuwa dirishani, meupe.

Recheli aliikausha ile miguu, mmoja mmoja, kwa taulo. Katikati ya vidole pia.

"Wamerudisha, dada."

"Yote miwili?"

"Yote miwili."

Asubuhi ya Krismasi alimletea viatu vyake vya kanisani, namba thelathini na saba, vile alivyovaa miaka yote. Vidole viliingia. Visigino vikabaki nje, upana wa vidole viwili.