Clarisse na Mashine ya Fabien

Rafiki yangu Clarisse si mtu wa kudanganya, na haya yalimpata hapa mjini Baraka. Mchana mmoja alienda kuchaji simu kwa Fabien, anayechaji simu za watu kwa jenereta katika chumba kisicho na dirisha. Fabien alikuwa na kompyuta kuukuu yenye mchezo wa sataranji.

“Hii mashine hakuna muntu anaiwezaka,” akamcheka.

Clarisse akaketi. Alijua mashine hupenda uwanja wazi, basi akafunga njia zote kwa askari wake, akangoja. Mashine ikabaki kurusha farasi huku na huku, haina la kufanya. Taratibu Clarisse akamsogelea mfalme wa mashine.

Ghafla jenereta ikazimika, na kompyuta nayo. Giza likajaa. Fabien akatoka kutafuta petroli.

Ndipo kipanya cha kompyuta kikalia: ka. Clarisse hakuwa amekigusa.

“Unataka mi nikimbie? Sitoki hapa!” akaiambia mashine.

Ubao wote alikuwa nao kichwani, na alijua mashine haina ila farasi wa kurusha. Akataja hatua yake kwa sauti. Ka. Akataja nyingine. Ka. Jasho likimtiririka, akapiga meza: “Mufalme yako amekufa!”

Kisha, mbele yake, akasikia kete za mbao zikipangwa upya, moja moja. Chumbani hamkuwa na kete za mbao.