Chambo wa Sefu

Mama mkubwa Fatouma alinituma makala, mkaa wa kupikia. Pondu, mboga ya majani ya muhogo, ilikuwa imeshatwangwa, moto unakufa, na alitaka nirudi kabla ya adhana ya magharibi. Nikajitupia kitambaa kichwani, nikachukua ndoo tupu, nikashika njia ya soko.

Sikufika kwa muuza makala. Njiani nilimkuta Sefu amekaa nyuma ya toleka, baiskeli ya abiria. Aliponiona akaruka chini kabla baiskeli haijasimama.

Sefu ni mtoto wa mama mkubwa; namwita Ya Sefu, yaani kaka. Mama yangu Zaituni alipokufa, nililetwa nyumbani kwao nikiwa bado nakula kwa kulishwa. Tumekula sahani moja. Yeye ndiye aliyenifundisha kuogelea, akanifundisha kujibu watu wanaonionea, akanifundisha na kuruka kwa ndege za mchezo.

"Rachida, kuya," alisema. "Courant ya umeme iko, connexion ya internet iko muzuri. Batu ya Bunia banatungojea. Mchezo moja tu."

"Mama anangojea makala."

"Mama iko wangu. Nitasema naye."

Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekesha kwenye kilio. Nilidhani ni kucheza mno. Nikamfuata.

Mchezo wenyewe ni wa kompyuta, vita ya magari na ndege. Timu mbili zinagombania bonde lenye mto katikati. Kuna vifaru, kuna malori ya mafuta, na kila timu ina ndege mbili. Mmoja anakuwa kamanda: anaangalia ramani yote kutoka juu na kuwaelekeza wengine. Kwetu kamanda alikuwa Jeancy, mwanafunzi wa sheria, mpole, mwenye sauti ya padri. Sefu na mimi tulikuwa marubani, na timu za Goma mpaka Kinshasa zilitujua.

Zilitujua kwa ujanja mmoja. Sefu aliuita chambo na ndoano.

Chambo anaruka mbele, chini, anaonekana na kila mtu. Anajifanya amepotea. Adui anaona nyama rahisi, anashuka kumfukuza. Na akishashuka, hana tena kitu cha kumwokoa, maana katika vita vya ndege urefu wa kwenda juu ndio akiba, ukiutumia, umekwisha. Hapo ndoano inatoka upande wa jua, juu kabisa, mahali ambapo adui hawezi kutazama bila kupofuka, na inamalizia kazi.

Mimi nilikuwa chambo.

"Chambo hageuki nyuma," Sefu alizoea kuniambia. "Ukigeuka, mkono unafuata macho, ndege inayumba, unapoteza mwendo. Weye enda tu. Nyuma yako, ni miye."

Sikuwahi kugeuka. Hata mara moja.

Kabla yangu chambo alikuwa Dominique, kijana wa wavuvi wa Yanonge. Aliruka vizuri kuliko sisi sote, ila kutua kulimshinda. Kila mara alivunja magurudumu, na tulimcheka. Msimu wa mvua uliopita homa ilimkamata jioni, na kulipokucha alikuwa maiti. Sefu hakwenda kumzika. Alisema hawezi kuona sanduku. Wiki ileile alikuja kunitoa kwenye malori ya mafuta, akanipa ndege.

*

Salle ya Sébastien, ukumbi wa michezo ya kompyuta, iko nyuma ya soko, chumba kirefu chenye madirisha yaliyozibwa kwa mbao. Sébastien mwenyewe alikuwa amekaa mlangoni akimenya ndizi. Jeancy alikuwa ameshavaa casque yake ya kusikilizia na kusemea. Nikakaa kwenye kiti changu, Sefu akakaa kulia kwangu, kama siku zote.

Kwenye kioo cha kompyuta nilizoea kuitwa Kasuku. Jioni ile niliona jina lingine.

RACHIDA BINTI ZAITUNI.

"Ya Sefu, nani amebadilisha jina yangu?"

"Ni concours, mashindano," alijibu bila kunitazama. "Banaomba jina ya kweli. Na ya mama."

Nikatupa jicho kwenye kioo cha Jeancy. Yeye alikuwa bado Mamba ya Lindi, jina lake la mchezo.

Nilitaka kuuliza. Lakini vita ilikuwa imeanza, na Jeancy alikuwa anatutuma.

"Rachida, bonde ya mto. Onyesha kichwa. Sefu, panda."

Nikashuka kwenye bonde. Nikapita juu ya malori yao, nikapiga moja, nikatoka kwa upande mwingine ili nisirudi kwa njia niliyoingilia. Jua la mchezo lilikuwa linazama, kama jua la nje. Saa nzuri kwa ndoano.

"Niko chini," nikasema. "Ya Sefu, uko juu?"

"Niko nyuma yako."

Nikaenda.

Ukiruka chini wakati jua liko chini, kivuli chako kinakimbia pembeni mwako juu ya majani. Chambo anajifunza kusoma vivuli, kwa kuwa hageuki. Kivuli changu kilikuwa chembamba, chepesi.

Nyuma yake kikatokea kingine.

Kikubwa. Kipana mabawa. Kinakuja polepole.

"Nimemvuta," nikasema. "Jeancy, ni nani huyu?"

Jeancy alipitia ramani yote.

"Nyuma yako hakuna mutu. Ndege zao zote mbili ziko kaskazini. Ramani iko mweupe."

Kivuli kikasogea.

"Ya Sefu. Piga."

Hakuna kilichotoka kwenye jua.

"Ya Sefu..."

Ndipo nilipoisikia harufu. Mafuta ya ndege. Mtu wa Kisangani aliyewahi kukaa upande wa Simi-Simi, penye uwanja wa zamani wa ndege, anaijua harufu ile. Na chini yake harufu nyingine, ya udongo mbichi, udongo wa shimo lililochimbwa mvua ikinyesha.

Kwenye casque mtu alivuta pumzi. Karibu sana. Kama amelaza shavu lake juu ya langu.

"Usimungoje."

Sauti ilikuwa ya chini. Niliijua kabla sijataka kuijua.

"Nani?" nikanong'ona.

"Miye pia nilimungoja."

Alikuwa Dominique.

Vivuli viwili vilikuwa vinakaribia kugusana juu ya majani, kile kikubwa kikikimeza kile kidogo kuanzia mkia.

Nikageuka.

Niliona ndege kuukuu, nene, yenye mapanga ya kuzunguka kwenye mabawa, isiyo na rangi wala alama. Haikuwa ya mchezo. Ilikuwa na madirisha kama ya ndege za abiria, na kila dirisha lilikuwa na uso. Wazee, akina mama, mwingine amebeba mtoto. Walikuwa wametulia, wamechoka, kama watu walioahidiwa kufika na wameanza kukata tamaa. Mbele kabisa, nyuma ya kioo, kulikuwa na viti viwili. Kwenye cha pembeni alikaa Dominique, paji la uso limeegemea kioo.

Kiti cha rubani kilikuwa tupu.

Na juu yao, kwenye jua, niliiona ndege ya Sefu. Haikuwa imepotea. Haikuwa na shida yoyote. Ilikuwa inazunguka taratibu mahali pake pa ndoano, ikitazama.

Hapo nilielewa. Sikuelewa ni nini, lakini nilielewa ni nani. Kitu kilinikatika kifuani. Nimetafuta jina lake, sijalipata, si woga. Woga ulikuja baadaye. Kwanza ilikuwa ni ile hali ya kunyoosha mkono gizani pale ukuta ulipo siku zote, na ukuta haupo.

Sefu hakuwahi kunifundisha chambo akiachwa afanye nini. Nilijifundisha pale pale.

Chambo ana kitu kimoja: adui anamfuata popote.

Nikavuta manette, usukani wa mchezo, mpaka tumboni. Ndege ikapanda, ikalia, ikapanda. Nilielekeza pua kwenye jua, machozi yakanitoka kwa mwanga ule, na ndani ya mwanga nikamtafuta Sefu. Kivuli kikubwa kikapanda nyuma yangu. Nilipita chini ya tumbo la ndege ya Sefu, karibu kiasi kwamba kioo kilitetemeka.

Ndipo niliposikia sauti yake, kwa mara ya kwanza tangu nimwite.

"Rachida, hapana. Si miye. Si miye banaomba..."

Ikakatika.

Kwenye kioo hakukuwa na moto, wala mlipuko. Mbingu tu, na jua. Ndege kuukuu haikuwepo. Ndege ya Sefu haikuwepo.

"Sefu ametoka?" Jeancy aliuliza. "Jina yake haiko tena."

Nikavua casque, nikageuka kulia.

Kiti kilikuwa tupu. Casque ya Sefu ilikuwa inaning'inia kwenye waya wake, ikicheza polepole.

"Amekwenda wapi?" nikamuuliza Sébastien.

Sébastien alinitazama, kisu bado kimezama kwenye ndizi.

"Sefu? Alitoka zamani. Mulipoanza tu, akatoka. Nilizani anakwenda kusali."

"Lakini alikuwa anasema na mimi. Ndege yake ilikuwa inaruka."

Sébastien akaangalia kiti. Jeancy akaangalia kiti. Nje adhana ilianza.

*

Wamama waliokuwa wanakwenda mashambani ndio waliompata, asubuhi, kwenye majani marefu pembeni ya uwanja wa zamani wa Simi-Simi. Miguu yote miwili ilikuwa imevunjika. Dokta alisema ni mifupa ya mtu aliyeanguka kutoka mahali pa juu, akauliza ni mti gani. Wale wamama walijibu kwamba pale hakuna mti. Nguo zake zilikuwa zimelowa mafuta ya ndege. Baadaye kipimo kilionyesha malaria iliyopanda kichwani, na dokta akaridhika: homa ilimtoa mjini akitembea bila akili, mengine ni bahati mbaya.

Mjini kwetu watu wana maelezo mengine. Wanasema walozi, wachawi wa usiku, wana ndege zao, na kwamba nazo zinahitaji marubani kama ndege nyingine yoyote. Nimeyasikia hayo tangu utoto, na zamani nilicheka.

Mama mkubwa alilia mpaka sauti ikamkauka. Alinishika mikono akasema, "Mwanangu, kaa naye. Weye njo mutu anakupenda kupita sisi wote." Sikumwambia nilichokiona. Nikawa nampelekea Sefu chakula hospitali, nikimlisha kwa kijiko, yeye akitazama ukuta.

Jioni moja aligeuza uso.

"Uliniona, kule juu," alisema.

"Nilikuona."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa amelala.

"Kulikuwa papa moja, muzee, kule Simi-Simi," alianza. "Jua ilikuwa inaingia. Amevaa kazaka, koti safi, kama mutu wa kazi ya bureau. Akaniuliza kama najua kuruka. Nikacheka. Nikamwambia ndiyo papa, najua, kwa mchezo. Akasema, inatosha."

"Ni nani?"

"Sijui. Sikuona anatoka wapi. Toka siku ile, kila jioni nikafunga macho, namwona anasimama kwa kitanda, anasema, bon, batu bamepanda, twende. Nikaogopa, Rachida. Akasema, kama hutaki kuja, nipe mwengine. Jina yake na ya mama yake. Nikamupa Dominique."

Kijiko kilikuwa bado mkononi mwangu. Nikakiweka.

"Dominique alikuwa rafiki yako."

"Aliruka muzuri. Lakini unajua, kutua hakujua. Bamewasha ndege, bameruka, na hakuna wa kuishusha. Banazunguka tu. Papa akarudi kwangu na hasira. Akasema, nipe mutu anajua kutua."

Mimi najua kutua. Sefu alinifundisha kwa miezi, kwa uvumilivu, akisimama nyuma ya kiti changu, mkono begani. Sasa nilianza kujiuliza miezi ile alikuwa ananifundisha kwa ajili ya nini, na nikaona afadhali nisijue.

"Wako watu wengi wanajua kutua," nikasema. "Jeancy anajua. Mbona mimi?"

Alinitazama kwa macho ya Sefu wangu, yale yale ya sahani moja.

"Mwengine angegeuka," alisema. "Weye, ningekuambia usigeuke, hungegeuka. Nilijua."

Hakuomba msamaha. Nadhani kama angeomba ningempiga, na nadhani alilijua hilo pia. Nikachukua kijiko, nikamalizia kumlisha, kwa sababu mama mkubwa angeuliza kama amekula.

Jua lilikuwa linaingia. Nikafunika sahani. Nikavaa viatu. Ndipo Sefu akanishika kiwiko, kwa nguvu ambayo sikudhani bado anayo, na kuinua macho kwenye dari.

"Unasikia?" alinong'ona.

Ilitoka upande wa mto. Injini kuukuu, nzito, yenye kukohoa. Ilipita juu ya hospitali chini kabisa, hata vioo vya dirisha vikalia kidogo kwenye fremu zake. Mgonjwa wa pili hakufungua jicho. Muuguzi aliyepita mlangoni hakuinua kichwa. Ikaenda, ikafifia, halafu ikageuka. Ikaanza kurudi, kama ndege ambayo bado haina wa kuishusha.

"Rachida. Unasikia?"

Nikautoa mkono wake kiwikoni, kidole kwa kidole, nikauweka juu ya shuka.

"Sisikii kitu, Ya Sefu," nikamwambia. "Lala."

Nikazima taa, nikatoka.