Jina Aliloliita Kwanza

Hoteli ya chai kando ya stendi ya Korogwe ilijaa pomoni asubuhi ile ya mwaka 1970. Zamda, mwalimu wa elimu ya watu wazima kutoka Misima, gauni la maua ya samawati mwilini na kanga begani, alipata nafasi pembeni ya kijana aliyepakata kitu kilichoviringishwa kwenye kitenge.

"Mtoto anaumwa?" alimuuliza kwa upole.

Kijana alicheka, akafunua. Kilikuwa chuma, beringi ya mashine, naye alikuwa anatoka nayo Tanga kwa matengenezo. Aliitwa Hiza, mwenyeji wa Vugiri, fundi katika kiwanda cha mkonge. Walizungumza hadi basi la Handeni likamwacha Zamda, naye hakulijutia.

Miezi sita ikapita kwa barua, na kwa simu ya kila Jumatano. Zamda alikuwa akienda posta ya Handeni na kupiga simu ofisi ya kiwanda, Hiza anaitwa, wanataniana mpaka dakika ziishe. Jumatano moja simu ilipokewa na Habakuki, fundi mwenziwe.

"Hiza yuko kwa Grasiana, shemeji. Tangu jana huyo Grasiana ana homa, na hataki kuguswa na mwingine."

Laini ikakatika. Zamda alibaki na mkono wa simu sikioni.

Kesho yake alikuwa kwenye geti la kiwanda, macho yamevimba kwa kulia. Hiza alipoulizwa Grasiana ni nani, hakuficha. Alimshika mkono, akamwingiza ndani, kwenye harufu kali ya maji ya mkonge, hadi mbele ya mashine kubwa iliyotafuna majani kwa mngurumo wa kutisha.

"Ndiye huyu," alisema.

Zamda alitaka kucheka, akaona Hiza hatanii. Hiza alimweleza habari za Yordani, mfanyakazi mwenzake, aliyeipiga mashine teke asubuhi na kuitukana, na kufika mchana ikamchukua vidole vitatu. Tangu siku hiyo Hiza huiamkia kila zamu, na huiomba radhi kabla ya kuitia mafuta.

"Anasikia, Zamda. Ana hasira, na huruma anayo, kama sisi."

Wivu ulimtoka Zamda, ikamwingia hofu iliyouzidi. Alirudi nyuma hatua moja, mbili. Ncha ya kanga yake, aliyoifunga fundo shingoni, ikanaswa na mkanda wa mashine.

Alivutwa kwa nguvu. Alimsikia Hiza akipaza sauti: "Grasiana, mwachie! Nakuomba, mwachie!" Alimwona ameunganisha viganja kifuani, kama anayemlilia mzazi. Mkanda haukupunguza mwendo. Habakuki ndiye aliyetokea mbio na kuzima injini, na kanga ikachanika.

Waliketi nje ya ukuta, Zamda akijishika shingo iliyochubuka.

"Uliita jina lake kwanza," alisema. "Kwa nini hukuita langu?"

"Wewe usingeweza kujinasua. Yeye niliamini anaweza kukuachia."

"Na ameniachia?"

"Hapana. Habakuki hata sikumwita, na amekuja."

"Basi mtu ni Habakuki."

Hiza alilia bila sauti. Akakiri kwamba sasa anaogopa zaidi, kwa kuwa zamani alikuwa na wa kumbembeleza, na leo hakuna wa kumsikia mle ndani. Zamda aliichukua mikono yake.

"Basi uwe unaizima kabla hujaigusa."

"Utakubali kuolewa na mwoga?"

"Mwoga ndiye ninayemtaka. Shujaa atarudi nyumbani hana vidole."

Hiza akatabasamu kidogo. Alisema wajomba zake watashuka kutoka Vugiri kuleta posa kabla ya Ramadhani, na Zamda akaitikia kwa kichwa.

King'ora kikalia. Hiza alisimama, akapangusa uso kwa shati la kaki, akaingia. Basi la Handeni lilikuwa linaondoka saa nane. Zamda hakulifuata. Alikaa juu ya jiwe karibu na geti, akaisikia mashine ikiwashwa, na mchana kutwa, kila mngurumo ulipobadilika, alisimama.