Nyota Iliyooza

Kila alasiri, kengele ya kwenda nyumbani ikishalia, darasa la sita la shule moja ya mji wa Coonabarabran, Australia, lilibaki kutengeneza nyota. Nyota yenyewe ilikuwa jitu jekundu, yaani nyota iliyozeeka na kuvimba, la magazeti na gundi ya unga wa ngano, la kupelekwa Jumamosi kwenye maonyesho ya kituo cha darubini, kule mlimani.

Imogen alipewa kazi ya matabaka: kiini cha heliamu, utando mwembamba ambamo hidrojeni hugeuka kuwa heliamu, kisha tumbo kubwa la gesi. Mwalimu Pascoe alisisitiza kila tabaka likauke kabla ya kubandika jingine. Lakini roho ya Imogen ilikuwa kwenye bwawa la kuogelea. Alibandika bichi juu ya bichi, akapaka rangi nyekundu, akajiendea zake.

"Umekausha kweli?" akauliza Darcy, mwenzake wa meza.

"Imekauka kau. Acha wasiwasi, bibi kizee wewe."

Alhamisi darasa likanuka uvundo mzito, mchachu, wa kuganda kooni. Darcy alikuwa na tabia ya kusahau soseji mkobani, basi wote wakamgeukia. Akamwaga vitu vyake sakafuni huku wenzake wakiziba pua na kumzomea. Imogen alishajua uvundo unatoka wapi, lakini naye akacheka.

Mwalimu akachukua kisu akate kwenye nyota dirisha la kuonyeshea matabaka. Maji ya kahawia yakamchuruzikia mikononi. Ndani kulikuwa na ukungu mweusi wenye manyoya, na funza wakijinyonganyonga pale palipokuwa kiini cha heliamu. Imogen akamtazama Darcy akiokota daftari zake, akajiona anatia kinyaa kuliko wale funza.

"Mwalimu, ni mimi," akasema. "Sikukausha. Darcy hana kosa."

"Na ukanicheka," Darcy akasema.

"Utaibomoa wewe, kwa mikono yako," mwalimu akamwambia.

Imogen akaikwangua nyuma ya darasa, akitema mate. Baadaye Darcy akaja na ndoo. "Nakusaidia, ila usinisogelee. Unanuka."

Jumamosi walipanda mlimani na nyota mpya waliyoitengeneza upya, ndogo sawa na mpira wa miguu, kavu mpaka ndani. Imogen aliwaonyesha wageni matabaka yake, akawaeleza pia habari ya ile ya kwanza. Wageni wakakunja nyuso.

Walipokuwa wakifunga meza, Mwalimu Pascoe akamwita.

"Nyota ikishakuwa jitu jekundu, gesi yake hutokota mpaka chini sana, ikapandisha juu yale yaliyopikwa ndani. Wataalamu hapa wakiuchambua mwanga wake, wanajua kilichokuwa tumboni. Sasa, Imogen, ikiwa nyota nzima haiwezi kuficha ya tumboni mwake, wewe na gundi yako mbichi mlidhani mtamficha nani?"