Aliyeachwa Angani na Ustadh Rifaat

Cheka tu. Ukimaliza kucheka unieleze kwa nini jiko la jirani yangu Bahiga lilikuwa likizimika kama limekosa hewa, madirisha yote yakiwa wazi, mchana wa jua, hapa hapa mtaani Shubra.

Marehemu mumewe, Ustadh Rifaat, aliandika habari za watu kwenda mwezini siku ambazo mtaa wetu haujaona hata eropleni ikipita. Tulimcheka. Leo vijana wa chuo kikuu wanakuja kupiga picha kiti chake. Hadithi yake ya mwisho ilitoka gazetini kila Alhamisi: mtu aitwaye Sarwat amefungiwa ndani ya chombo cha chuma huko juu, na hewa inamwishia. Rifaat akafa, Sarwat akabaki huko huko.

Lilianza jiko. Ikaja harufu ya chuma kinachoungua, kisha kabati la nguo likawa linagongwa kwa ndani, ko, ko, kama na mtu mwenye spana. Halafu ikawa pumzi ya Bahiga yenyewe: daktari anasema mapafu ni mazima, na huku midomo inageuka buluu, anavuta hewa kama anayenyonya mrija ulioziba, na kila akivuta kabati linagonga, na kila likigonga anavuta kidogo kuliko mwanzo, mpaka nikaona nisipoleta mtu nitamzika.

Nikamleta Umm Gharib, mpunga pepo. Akawasha ubani, ukazimika. Akapiga tari, akamuuliza aliyempanda Bahiga jina lake na haja yake. Kinywani mwa Bahiga ikatoka sauti ya kiume, imechoka.

"Sarwat. Nishusheni."

Umm Gharib akaninong'oneza kwamba pepo huyo hamjui, labda anataka kuku mweusi. Nikamwambia kuku wake akale mwenyewe. Huyu katungwa na Rifaat, akaachwa njiani.

"Bahiga," nikasema, "mmalizie mumeo hadithi. Mshushe huyo mtu."

"Vitabu vyake sikusoma... hata kimoja. Nimshushe wapi?"

"Popote, shoga. Wahi."

Akakusanya pumzi iliyobaki. "Basi ameshuka. Ameshuka hapa nyumbani."

Tari ikanyamaza. Kabati likafunguka lenyewe, taratibu. Ndani nguo za marehemu tu. Bahiga akavuta pumzi ndefu, rangi ikamrudi, akainuka akawasha jiko kwa njiti moja, akapanga vikombe vya chai. Sisi watatu, vikombe vinne. Umm Gharib hakungoja chai, hata tari yake aliisahau.

Nami nikachukua viatu vyangu. Nilipofika mlangoni, sauti ile ile ya kiume ikasema nyuma yangu, safari hii imeshiba pumzi.

"Funga vizuri, mama. Hewa isitoke."

Nikatoka, nikafunga mlango.