Taya la Nyumba ya Bi Tatu

Shamila aliporudi kutoka Dar alikuta chetezo kinafuka ukumbini na nyumba nzima inanukia udi. Alipovuka kizingiti tu, harufu ikakatika. Moshi bado ulikuwa unapanda, lakini harufu hakuna, kama watu waliokuwa wakiongea wakanyamaza kwa sababu mgeni kaingia.

Hakutilia maanani. Alikuwa na hamu ya kumwona mwanawe Najiat, na hamu kubwa zaidi, tuseme kweli, ya kuonekana yeye. Alikuwa ametoka kupunguzwa taya. Wanawake wote wa nyumba ile ya mtaa wa Cheyo walizaliwa na taya pana, na Shamila, muuza vipodozi, alikuwa amechoka kutaniwa na wateja. Daktari hakumficha kitu: mfupa ukishakatwa haurudi, kidevu kinaweza kufa ganzi moja kwa moja, uvimbe utakaa miezi, na watu wa nyumbani waandaliwe mapema.

"Nyumbani wanajua?" aliuliza daktari.

"Wanajua," alijibu Shamila, macho makavu. Kumbe aliyejua ni mumewe Majidi peke yake, tena kwa simu, maana alikuwa Usoke kwenye ununuzi wa tumbaku. Bibi yake, Bi Tatu, aliambiwa mjukuu anafuata mzigo wa duka.

Bi Tatu aliitikia shikamoo yake kwa sauti ndogo, akamtazama kidevuni, akaingia chumbani.

Kesho yake mchana Shamila alijilaza na Najiat. Alipozinduka mtoto hayupo. Alimkuta chumba cha ubani, kile cha mwisho, amekaa mkekani anacheka na ukuta. Komeo la mlango lilikuwa limefungwa kwa nje, na liko juu kuliko mtoto anavyoweza kufika. Shamila alimbeba mbio.

Alasiri akasimama mbele ya kioo kupaka mafuta, na hapo ndipo hofu ilipomwingia hasa, kwani ngozi ya kidevu chake, kile kidevu kilichokufa ganzi asichokihisi hata akijifinya, ilikuwa ikibonyea yenyewe, kishimo hapa, kishimo pale, polepole kutoka sikio moja hadi la pili, kama vidole vya mtu kipofu vinatafuta kitu kilichokuwa pale jana na leo hakipo.

"Bibi," alinong'ona alipomkimbilia Bi Tatu, "humu ndani kuna kitu."

"Usipaze sauti. Yupo tangu babu zetu walipomleta na misafara ya pwani. Hajapata kumgusa vibaya mtu wa nyumba hii."

"Mbona ananigusa mimi?"

"Anakutafuta, mama. Binti wa nyumba hii akitimiza siku arobaini tangu kuzaliwa huingizwa chumba cha ubani, akapapaswa taya ili ajulikane. Ndiyo maana hata tukitaka kutoboa pua tu, tunaingia kwanza kuaga. Na hilo unalijua. Nimekufundisha mwenyewe."

Alilijua vizuri sana. Aliliruka kwa makusudi, akihofia bibi angemzuia.

"Niliona ni mambo ya kizamani, bibi. Nisamehe."

"Mimi nimekusamehe. Yeye anaona mgeni analala na mtoto wake."

Wakaingia chumba cha ubani jua lingalipo. Bi Tatu akatupia ubani kwenye makaa, akasema kwa unyenyekevu, "Mwenyewe, huyu ndiye Shamila wako, mtazame tena." Moshi ukasimama wima, chumba kikapoa, na Shamila akaona shavu lake linasukumwa huku na huku wala hahisi kitu, hahisi chochote, ila anasikia, anasikia ndani ya masikio yake mwenyewe mfupa ukisagika na vile vyuma vidogo daktari alivyofungia mfupa vikilia kimoja baada ya kingine, na alipotaka kupiga yowe kinywa hakikufunguka, damu ikamchuruzika hadi kwenye kanga.

"Toka!" Bi Tatu akamsukuma. "Toka kabla hajakumaliza! Mtoto hamdhuru, huyo ni wake. Kakae kibarazani kwa Mama Levina nimbembeleze apoe hasira."

Shamila akavuka barabara anapepesuka, akakaa kibarazani kwa jirani, kanga imemfunika mpaka puani. Kilichomtesa si maumivu. Ni Najiat, aliyebaki ndani.

Magharibi ikiingia, bodaboda ikasimama mbele ya nyumba. Majidi akashuka na begi lake. Alimwona mwanamke aliyejifunika ng'ambo ya barabara, akampa salamu ya heshima kama apewavyo mtu baki, akaingia kwake. Shamila akanyanyuka kumwita. Taya lilikuwa limekaza, sauti ikamfia kooni.

Dirisha la ukumbini lilikuwa wazi. Harufu ya udi ikaanza kumwagika hadi barabarani, nzito, tamu. Akamsikia Najiat akicheka na kuita, "Mama! Mama!" Halafu akamsikia mumewe akishusha pumzi kwa furaha.

"Alhamdulillahi! Mke wangu, mbona uko vilevile? Si ulisema unakwenda kukatwa?"

Sauti iliyomjibu ilikuwa ya Shamila mwenyewe, tulivu, bila kovu.

"Nilighairi, mume wangu. Funga mlango, kuna mgeni nje."